Miguu ndiyo iliyoamua: kisa cha kifua kikuu cha mgongo kutoka Ukerewe

Mgonjwa ni mama wa miaka 36, mzazi wa watoto wanne, muanika dagaa kutoka kisiwa kimoja cha wilaya ya Ukerewe. Alivuka kwa meli hadi Mwanza akiwa amelazwa juu ya mkeka, na kutoka bandarini akapakiwa kwenye bajaji, magoti yamekunjwa, kichwa kwenye paja la mume wake. Alipofika hospitali ya rufaa aliweza kusimama akishikwa pande mbili, lakini miguu ilikuwa migumu na haikumtii. Taarifa zinazoweza kumtambulisha zimebadilishwa. Za kitabibu zimebaki.

Kisa chenyewe si kigeni katika ukanda wa ziwa. Ninakiandika kwa sababu kiliigawa timu yetu pande mbili kwa siku kadhaa. Wapo waliotaka apasuliwe wiki ileile, na tupo tuliotaka aanze dawa kwanza huku nguvu za miguu zikipimwa kila asubuhi. Nilikuwa upande wa pili na mpaka leo nipo hukohuko, ijapokuwa mwisho wa yote alipasuliwa.

Miezi saba ya mwanzo

Maumivu yalianzia katikati ya mgongo, chini ya usawa wa sidiria. Mwanzoni yalikuja akiinama kugeuza dagaa mchangani, na hakuna mtu wa mwaloni, ufukweni pa wavuvi, anayeshangaa mgongo kuuma. Baada ya miezi miwili yakaanza kumwamsha usiku. Hapo ndipo palipokuwa pa kushtuka, kwa sababu maumivu ya kazi hutulia mtu akijilaza, na ya mfupa ulioingiliwa na ugonjwa hayajali kama umelala. Jioni akawa anatoka jasho, chakula hakishuki, sketi zinamvuka kiunoni. Mwezi wa tano wa kuugua kandambili zikaanza kubaki nyuma mchangani naye anaendelea kutembea, hajahisi kwamba zimemtoka.

Kwenye zahanati alichomwa diklofenaki ya kutuliza maumivu na kupewa vitamini B. Safari ya pili aliambiwa ana UTI, ya tatu taifodi. Hakuwa na kikohozi, kwa hiyo hakuna aliyefikiria kifua kikuu, na sitawalaumu sana kwa hilo: wagonjwa wengi wa kifua kikuu cha mgongo hawakohoi, na makohozi yao yakipimwa huonekana safi. Ninachowalaumu ni kwamba hakuna hata mmoja aliyemwomba avue nguo ya juu, akapitisha kidole kwenye pingili moja baada ya nyingine. Mganga wa jadi alifanya hivyo. Chale zake, safu mbili zilizonyooka, zilizunguka mahali penyewe kabisa.

Alivyokutwa

Kinundu kidogo kilikuwa kimetokeza kwenye pingili ya kumi na ya kumi na moja za kifua, na kikigongwa taratibu aliruka. Nguvu za miguu zilikuwa 3 kwenye kipimo cha 0 hadi 5, maana yake mguu unaweza kujiinua wenyewe lakini ukiusukuma kidogo unashuka. Miguu ilikuwa imekakamaa, haikulegea. Wayo ukisukumwa juu kwa ghafla, kifundo kilitetemeka chenyewe bila kukoma, na ukikwaruza unyayo, kidole gumba kilinyanyuka. Dalili hizi zinasema kinachobanwa ni ugwe wa neva wenyewe, ile kamba ya neva inayopita ndani ya uti wa mgongo, juu ya mahali unapoishia, na si mzizi mmoja wa neva unaokwenda mguuni.

Ganzi ilianzia kiganja kimoja chini ya kitovu, karibu na kinena. Hapa wanafunzi hupotea. Ugwe wa neva ni mfupi kuliko nguzo ya mifupa inayoubeba. Unaishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Kwa hiyo sehemu ya ugwe inayohudumia kinena haipo nyuma ya pingili yenye namba hiyohiyo, ipo juu yake kwa pingili mbili hivi. Mtu akihesabu ngozi na mfupa kana kwamba vimepangana sawasawa, ataagiza picha ya kiuno, aione safi, na kumrudisha mgonjwa nyumbani.

Jambo lililokuwa na uzito kuliko yote lilichukua dakika mbili na kumtia mgonjwa aibu: kupima hisia kuzunguka njia ya haja kubwa na kumwomba abane misuli ya hapo. Alihisi, na alibana. Mkojo ulikuwa unachelewa kuanza, lakini ukianza unatoka. Ugwe ulikuwa umebanwa, haujakatika kazi yote. Mgonjwa wa aina hii bado ana kitu cha kupoteza na kitu cha kurudishiwa, na ndiye anayestahili haraka na umakini wetu wote.

Ziwa lina ugonjwa wake

Mtu anayeishi na maji ya ziwa akidhoofika miguu, huwezi kukimbilia kifua kikuu peke yake. Kichocho cha tumbo kimejaa pwani hizi, na mara chache mayai yake hukwama kwenye ncha ya chini ya ugwe wa neva. Huyo huanza na maumivu ya kiuno yanayoshuka miguuni, kisha udhaifu, kisha mkojo unakataa, yote ndani ya wiki chache. Kwenye MRI, yaani picha ya sumaku, mifupa ni mizima na ugwe ndio uliovimba. Tiba yake ni prazikwanteli pamoja na dawa jamii ya steroidi, za kupunguza uvimbe. Kisu kwa kawaida hakina kazi hapo. Kuna pia saratani iliyotoka kwingine ikatua kwenye pingili, na brusela kwa wafugaji na wanywaji wa maziwa mabichi. Mama huyu alikuwa na miezi saba ya kuugua na kinundu mgongoni, hivyo kichocho kilishuka kwenye orodha. Hata hivyo kinyesi chake kilipimwa, mayai yakaonekana, akapewa prazikwanteli. Mayai kwenye kinyesi cha mkazi wa visiwani hayathibitishi kwamba ndiyo yaliyodhoofisha miguu.

Eksirei ilionyesha miili ya pingili mbili imeliwa upande wa mbele na nafasi ya diski katikati yao imebanwa. Vimelea vya kifua kikuu husafiri kwa damu na hupenda kukaa sehemu ya mbele ya pingili, jirani na diski. Mfupa wa mbele ukiporomoka na wa nyuma ukabaki, mgongo unainama mbele kama ukuta wa tofali mbichi zilizolowa upande mmoja. Pembe ya kuinama ilikuwa nyuzi 35. MRI ikaongeza mkoba wa usaha pande zote mbili za pingili, ulioteremka kufuata msuli wa ndani wa kiuno upande wa kushoto, na ugwe wa neva uliosukumwa nyuma mpaka ukawa bapa. Onyesha picha ile mbele ya madaktari kumi, tisa wataomba kisu.

Kabla ya hoja yoyote ya kisu tulitaka jina la ugonjwa. Usaha wa kiunoni ulivutwa kwa sindano chini ya ultrasaundi, ukapelekwa kwenye mashine ya GeneXpert, ambayo kwa muda wa saa mbili hivi husema kama vimelea vipo na kama vinahimili rifampisini, mojawapo ya dawa kuu za kifua kikuu. Vilikuwepo, na dawa ilikuwa inavimudu. Kipimo cha VVU kilikuwa hasi. Hili la kutafuta jina kwanza linaonekana dogo, lakini anayefungua mgongo kwa kukisia anaweza kukuta saratani, na upasuaji wa saratani hupangwa vingine kabisa.

Mabishano

Mabishano yetu yana umri mrefu. Mwaka 1779 Percivall Pott, mpasuaji wa London, alieleza mgongo uliopinda na miguu inayopoteza nguvu, na kwa jina lake ugonjwa huu hutajwa hadi leo. Yeye alitengeneza vidonda kando ya mgongo kwa dawa ya kuunguza, ili usaha utoke humo. Zama zile, kabla ya dawa, kufungua jipu la namna hii mara nyingi kulikaribisha bakteria wengine ndani na mgonjwa akafa kwa hao. Robert Koch alikitangaza kimelea chenyewe mwaka 1882, na streptomaisini, dawa ya kwanza ya kukiua, ikapatikana miaka ya 1940. Mwaka 1956 Hodgson na Stock wa Hong Kong wakaandika juu ya kuingia kwa mbele, kuondoa uozo wote na kujaza pengo kwa mfupa wa mgonjwa mwenyewe. Baada yao Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza likalinganisha tiba katika Korea, Hong Kong na Bulawayo. Likaona kwamba wengi waliomeza dawa huku wakiendelea kutembea walipona bila kulazwa kwa miezi na bila koti la plasta. Faida ya upasuaji wa Hong Kong ilikuwa mifupa kuungana mapema na mgongo kutopinda sana. Kisha Tuli wa India, mwaka 1975, akatetea njia ya kati: dawa kwa kila mtu, kisu kwa yule ambaye dawa hazimwinui au anayezidi kudhoofika.

Mwenzetu aliyetaka kisu alikuwa na jibu zuri. Majaribio yale ya Waingereza, alisema, hayakuwachukua watu waliodhoofika kiasi cha kushindwa kutembea kuvuka chumba. Basi huwezi kuyatumia kumtetea mtu anayesimama kwa kushikwa. Alikuwa sahihi, na mgonjwa wetu alikuwa hasa kwenye mpaka huo. Hoja yake ya pili haimo vitabuni: skrubu na vyuma vya kutosha vipo stoo wiki hii, wiki ijayo hujui. Anayefanya kazi Kanda ya Ziwa haicheki hoja hiyo.

Sisi wengine tuliangalia kinachobana ni nini. Usaha na uvimbe huyeyuka kwa dawa. Kipande cha mfupa mfu hakiyeyuki. MRI ilionyesha majimaji kwa wingi, na mfupa mfu haukuonekana wazi. Mgonjwa alikuwa na kilo 43 na damu pungufu, gramu 8.4 kwa desilita; kumlaza kifudifudi kwa saa tano akiwa katika hali ile, na vimelea vingali vingi mwilini, lilikuwa jambo la kufikiria mara mbili. Mtoto mdogo ningemhukumu tofauti, kwa kuwa mgongo wake unaendelea kukua na pembe huongezeka hata ugonjwa ukiwa umepona.

Tulikubaliana kwa masharti, na yakaandikwa kwa kalamu nyekundu kwenye ukurasa wa kwanza wa faili. Atapimwa kila asubuhi na mtaalamu yuleyule wa fiziotherapia. Msuli wowote ukishuka alama moja, au mkojo ukikwama, anakwenda kupasuliwa bila kikao kingine. Wakati huohuo damu na lishe vitengenezwe kana kwamba upasuaji umeshapangwa. Kwa maoni yangu masharti haya ndiyo yaliyotofautisha kusubiri na kutelekeza. Nimeona mafaili yenye maneno "aendelee na dawa, aonwe baada ya mwezi" ya mtu ambaye miguu yake ilikuwa inazimika.

Dawa ni zilezile nne za kifua kikuu, vidonge vitatu vya mchanganyiko kwa siku kwa uzito wake, miezi miwili, kisha mbili kati yake kwa miezi kumi. Hutolewa bure.

Jedwali la asubuhi

Wiki ya kwanza ilitufurahisha. Jasho likakatika, akalala usiku kucha, akaomba ugali na sato. Nguvu zikabaki 3. Siku ya kumi na mbili mguu wa kushoto ukaandikwa 2. Mgonjwa mwenyewe alisema anajisikia vizuri kuliko jana, na ndiyo maana sipendi kupima miguu kwa kuuliza hali. Siku mbili baadaye miguu yote ilikuwa 2, na ultrasaundi ikaonyesha kibofu kinabaki na mkojo mwingi baada ya kukojoa. Tulipiga CT, eksirei ya kompyuta inayoonyesha mfupa vizuri. Katikati ya uozo kulikuwa na kipande cha mfupa mfu kimesukumwa nyuma, kinaelekeza ncha kwenye ugwe. Hakuna aliyeitisha kikao.

Ndugu walikuwa na hofu, na hofu yao ina wenyeji wengi. Shemeji ndiye aliyesema: "Daktari, kwetu tunajua, mgongo ukiguswa na kisu mtu hasimami tena." Nilimjibu kwamba wengi aliowaona hivyo walifikishwa kisuni wakiwa hawasimami tayari. Upasuaji huondoa kinachobana na kuupa mgongo nguzo. Neva ndizo zinazoamua kuamka, na hilo hatuliuzi. Mume akauliza ikiwa hatutampasua itakuwaje. Nikamwonyesha jedwali la asubuhi, 3, 3, 2, 2, naye alilielewa haraka kuliko picha zote za ukutani.

Muuguzi wa zamu akakatisha: "Baba, shemeji, mwenye mgongo yupo hapa anawasikiliza." Mama hakuuliza kuhusu kutembea. Aliuliza kama mkojo utarudi, kwa sababu alishaanza kulowesha shuka na alikuwa anakataa kunywa maji wageni wakija. Tulimwambia nafasi ni nzuri kadiri tunavyowahi. Akaweka dole gumba.

Vyuma ndivyo vinavyozikwamisha familia nyingi, dawa za bure zikiwa zimeshapatikana. Ofisi ya ustawi wa jamii ilisaidia sehemu, ukoo ukachanga iliyobaki. Damu ilihitajika pia. Ndugu watatu walikwenda kuchangia na wawili wakakubaliwa. Shemeji alirudishwa: alipoulizwa maswali ya kawaida alisema ana kikohozi cha miezi mitatu, cha baridi ya ziwani.

Mezani

Alilazwa kifudifudi, kifua na nyonga vikiwa juu ya mito na tumbo likining'inia huru. Tumbo likibanwa, vena za kuzunguka uti hujaa na damu humwagika zaidi. Mtoa dawa ya usingizi aliambiwa mapema kwamba shinikizo la damu lisishuke, maana ugwe uliobanwa huishi kwa damu inayopenya kwa shida, na dakika chache za shinikizo la chini zinaweza kumaliza kilichosalia.

Pingili zilihesabiwa mara mbili kwa eksirei ya mezani kabla ya kukata na mara moja baada ya kukata. Kukosea pingili ni ajali inayojulikana ulimwenguni kote, hasa kifuani ambako mbavu huficha. Skrubu ziliingizwa kwenye pingili mbili juu ya ugonjwa na mbili chini, nane kwa jumla, na chuma cha muda kikafungwa upande mmoja kwanza. Mpangilio huu una sababu: pingili zilizooza ukizigusa kabla ya kuzifunga zinaweza kuteleza na kumalizia kazi ambayo ugonjwa haujaimaliza. Ndipo kichwa cha ubavu wa kushoto kikaondolewa, na kupitia kando, bila kuuvuta ugwe, usaha ukanyonywa, uozo ukakwanguliwa na kile kipande kikatolewa. Kilikuwa na ukubwa wa punje ya hindi. Ugwe ukaanza kudunda pamoja na mapigo ya moyo. Pengo lilijazwa kwa kikombe cha titani kilichosheheni vipande vya ubavu wake mwenyewe.

Watu huuliza kama si hatari kuacha chuma ndani ya jipu. Kwa bakteria wengi wa usaha ni hatari kweli. Vimelea vya kifua kikuu havishikamani na titani kwa nguvu hiyo, mradi dawa zinaendelea. Dawa zikikatishwa, vyuma vyote vile havina kazi.

Ilichukua saa tano na chupa mbili za damu. Pembe ikatoka nyuzi 35 hadi 18.

Baada ya hapo

Alikalishwa siku ya tatu akiwa na mkanda wa mgongo. Kabla ya hapo aligeuzwa kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, na mume ndiye aliyefundishwa kugeuza: mabega na nyonga kwa pamoja. Kidonda cha kulalia kingeweza kumuua baada ya upasuaji uliofaulu. Mpira wa mkojo ulitolewa wiki ya tatu akakojoa mwenyewe, na hiyo ndiyo siku aliyocheka wodini, si siku aliyosimama. Wiki ya sita miguu ilikuwa 3, mwezi wa nne alitembea na fremu, kufikia mwezi wa sita na fimbo moja.

Mwaka ulipotimia alimaliza dawa. Mifupa imeungana, pembe ni nyuzi 21. Mguu wa kushoto bado ni mgumu asubuhi na huburuta kwenye mlima. Habebi tena beseni kichwani. Mume amemjengea chanja ya urefu wa kiuno, anaanika bila kuinama, na dagaa wa chanjani hata bei yake ni nzuri kuliko wa mchangani.

Je, angepasuliwa siku ya kwanza mguu ule ungekuwa bora? Inawezekana. Mwenzangu anaamini hivyo na hana namna ya kuthibitisha, kama nisivyo nayo mimi. Najua kwamba wenye picha za namna hii na usaha zaidi ya mfupa mfu, wengi huinuka kwa dawa tu, na kwamba siku zile kumi na nne zilimpandisha damu kutoka 8.4 hadi 10. Najua pia kwamba pasipo mtu mmoja wa kupima kila asubuhi, ningekuwa upande wa mwenzangu bila kubisha. Kwenye wodi yenye muuguzi mmoja kwa wagonjwa arobaini na bila fiziotherapia, pasua mapema.

Makohozi ya shemeji yalikutwa na vimelea. Anaishi ua mmoja na familia ile, na chakula wanakula sinia moja. Alianzishiwa dawa kabla hawajarudi kisiwani, na mratibu wa kifua kikuu wa wilaya akafuatilia ua mzima: watoto wawili walio chini ya miaka mitano wakapewa dawa ya kinga, na bibi mmoja, ambaye mgongo wake ulikuwa unauma tangu msimu wa mvua uliopita, akavuliwa nguo ya juu na kupitishwa kidole kwenye pingili zote. Zilikuwa salama.